Mtumbwi Usioenda Ziwani

Kwa Kihaya mtumbwi ni obwato. Unaokwenda Goziba kutega nyavu ni obwato, na unaolala kibanjani chini ya migomba ukisubiri ndizi nao ni obwato. Mgeni akifika nyumbani akaambiwa kwamba babu yuko kwenye mtumbwi, atageuka kutazama ziwa. Kumbe babu yuko nyuma ya nyumba, suruali kaikunja hadi juu ya magoti, anakanyaga.

Nimekulia upande wa Kemondo, kijiji kilichokaa juu ya mteremko. Kutoka kwetu unaliona ziwa lote, Rweru kama wanavyoliita wazee, na siku ambayo mvua imeosha hewa unaviona na visiwa vya Muleba vimelala kwa mbali kama viboko. Chini ni mwalo: samaki, nyavu zilizoanikwa, kelele za wachuuzi. Juu ni vibanja: migomba, mibuni, maharage katikati. Na mahali njia ya kupanda kutoka mwaloni ilipokutana na njia ya kwenda barabara ya Muleba palikuwa na kilabu.

Watu wakikumbuka vilabu vya zamani hukumbuka vicheko, ugomvi, na nani alimwoa nani baada ya kuonana pale. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa nyasi, kwa hiyo kumbukumbu yangu inaanzia nyuma, kule pombe ilikotokea. Kilabu chenyewe nilikijua kwa mlango tu: ukuta wa udongo, paa la bati lililokuwa na kutu upande wa ziwani, mabenchi manne ya magogo yaliyopasuliwa katikati, na ubao wa mlango uliojaa mistari ya chaki. Kila kundi la mistari lilikuwa deni la mtu. Bibi mwenye kilabu hakuandika majina. Aliujua kila mstari ni wa nani, na wenye madeni walijua kwamba anajua.

Bibi aliuza, babu alitengeneza. Kwetu ndivyo kazi ilivyogawanywa: kukanyaga rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni kazi ya wanaume. Babu huyu alikuwa mdogo wake babu yangu mzaa baba, mtu mfupi, mwenye nyayo pana kuliko kawaida, na watoto tuliamini kwamba zilipanuka kwa sababu ya ndizi. Hakuwahi kuvua samaki hata siku moja. Ila sijaona mtu aliyelisoma ziwa kama yeye.

Nieleze. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Taa inawaita dagaa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang’aa, dagaa hawana haja ya kuifuata taa ya mtu, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kutumia walichopata. Siku hizo ndizo kilabu kilijaa. Sasa rubisi haihifadhiki. Ikiiva leo inywewe leo, kesho ni kali, keshokutwa imechacha. Kwa hiyo fundi anayetaka pombe yake ianguke katikati ya mbalamwezi lazima aanze kuhesabu mapema. Babu alikuwa akisubiri jioni ambayo mwezi umekatika nusu, kama kipande cha chungwa. Asubuhi iliyofuata alishika panga akaingia kibanjani. Kutoka nusu ile hadi mwezi kujaa ni siku 7, na siku 7 ndizo alizozihitaji: 5 za kuvumbika, moja ya kukanyaga, na moja ya pombe yenyewe kuiva.

Katika mvua za masika hesabu iliharibika. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa sana Tanzania, na ardhi iliyolowa huchelewesha ndizi. Masika ikianza babu alikata siku moja au mbili kabla ya nusu. Nilimuuliza alijuaje ni moja au mbili. Akasema, “Mjukuu wangu, unakanyaga chini kwa kisigino. Ukiona kisigino kimeacha maji, ongeza siku.”

Ndizi zenyewe si zozote. Mgeni akiingia kibanja cha Mhaya huona migomba tu, lakini mwenyewe anajua huu ni wa kupika, huu ni wa nkonjwa za kuchoma, ule wenye vidole vidogo ni wa watoto kula zikiiva, na pale pembeni ni embiile na kainja, ndizi za pombe. Embiile ukiionja mbichi ulimi unajikunja kwa ukakasi, na ukakasi huo ndio unaotakiwa. Ndizi ya kupika ukiiponda ikiwa imeiva inakupa uji mzito tu, maji hayatoki. Ya pombe ina tannini, ambazo hushikana na vitu vinavyoufanya uji ule unate, na maji yakapata njia ya kujitenga. Babu hakulijua neno tannini. Alisema tu kwamba ndizi ya kupika ni mchoyo.

Shimo la kuvumbikia lilichimbwa pembeni ya kibanja, kina chake hadi kiunoni mwa mtu mzima. Kwanza aliwasha moto ndani yake kwa majani makavu ya migomba. Moto ulipokwisha aliyatoa majivu, akaweka mkono ukutani mwa shimo, akangoja. Kama mkono ulivumilia, shimo lilikuwa tayari. Kama haukuvumilia, aliketi akavuta kiko chake hadi lipoe kidogo, maana shimo la moto sana hupika ndizi badala ya kuziivisha. Kisha alitandika majani mabichi, akapanga vichane kimoja baada ya kingine, mgongo wa kimoja ukiingia tumboni mwa kingine, akafunika kwa majani tena, na udongo juu. Siku ya nne alitoboa udongo kwa kidole, akainama, akanusa. Hakufungua. Mafundi wengine wa pale kijijini walifungua kutazama, naye aliwacheka: hewa ikiingia, za juu zinawahi na za chini zinachelewa, na mwisho wa yote unakanyaga mchanganyiko wa mbichi na zilizooza.

Wengine huivisha ndizi juu ya dari ya jiko, zikipata moshi na joto la kila siku. Nimeinywa rubisi yake nikiwa mkubwa. Si mbaya. Ina harufu ya moshi ambayo wengine wanaipenda. Mimi ni mtu wa shimo.

Mtumbwi wa babu ulichongwa na baba yake kutoka mti wa mhumula. Mti huu wataalamu wanauita Maesopsis eminii, na neno hilo la pili ni heshima kwa Emin Pasha, mtu yule yule aliyeanzisha boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Ajabu ni kwamba jina lake limedumu kwenye mti kuliko mjini. Sijui mtoto wa leo Bukoba ambaye ukimtajia Emin Pasha atakuambia lolote, lakini mhumula kila mtu anaujua. Mtumbwi ule ulikuwa na urefu wa mikono 7 hivi, umechongwa kwa shoka na tezo, tumbo lake likiwa pana chini na kufinyika juu kidogo ili povu lisimwagike. Ncha moja ilikuwa chini kuliko nyingine kwa upana wa vidole vitatu. Ukiutazama haraka utadhani fundi alikosea. Huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe: maji yote yalikimbilia upande mmoja, na mtu wa kuchota hakuhangaika.

Ndani ulikuwa mweusi na laini kama kiganja, kwa sababu ya miaka mingi ya nyayo. Haukuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Ulisafishwa kwa maji na nyasi, ukapinduliwa juani, ukafunikwa. Nadhani ndani ya ule ubao mlikuwa na hamira ambayo hakuna mtu aliyeinunua, iliyorithiwa kutoka pombe hadi pombe, na ndiyo maana rubisi ya babu ilikuwa na ladha ambayo jirani yake, kwa ndizi zile zile, hakuipata.

Siku ya kukanyaga ilianza alfajiri kwa kumenya. Hiyo ilikuwa kazi ya nyumba nzima, akina mama, watoto, na yeyote aliyepita akasalimia. Ndizi iliyoiva sawasawa humenyeka kwa mvuto mmoja, ganda likatoka kama soksi. Ile inayong’ang’ania ganda iliwekwa pembeni, na ile iliyokuwa nyeusi na kulainika kupita kiasi pia. Babu alipita katikati yetu akitoa moja hapa na moja pale kwenye lundo, bila kusema kitu, na aliyetolewa ndizi alijua kwamba hakuwa makini.

Nyasi nilizileta mimi. Zilitoka rweya, zile mbuga zilizo nje ya vibanja, ambako ng’ombe huchungwa na upepo wa ziwani haukomi. Si kila jani linafaa. Nyasi changa hukatika mguuni na kuacha ladha ya majani kwenye pombe. Iliyokauka sana huchoma na kunyonya maji ambayo wewe unayatafuta. Inatakiwa ile ndefu, ngumu, iliyokomaa lakini bado ina uhai, ukiipinda inajikunja bila kuvunjika. Mara ya kwanza nilileta mzigo mkubwa, nikajisifu. Babu aliushika, akapinda majani mawili, akanirudishia wote. Nilirudi rweya nikilia. Mara ya pili alichagua nusu. Mpaka namaliza shule ya msingi nilikuwa naleta mzigo ambao hakuna kitu alichokitoa, na hiyo ndiyo sifa niliyopata kwake, kwa maana hakusema lolote.

Aliosha miguu kwa maji ya moto, akasugua visigino kwa jiwe, akaosha tena. Kisha akaingia mtumbwini na mwenzake, wakashika mti uliofungwa kati ya mihimili miwili ya banda ili wasiteleze. Mwanzoni walitumia visigino peke yake. Ndizi zililia, sauti nzito, kama mtu anayetembea kwenye tope la mwaloni. Baada ya muda zikawa uji mmoja wa rangi ya shaba unaopanda kati ya vidole vya miguu. Hapo ndipo nyasi zilipoingia, konzi moja moja, zikitandazwa na kukanyagwa, zikigeuzwa na kukanyagwa tena.

Na hapa ndipo panapotaka subira ambayo mimi, nilipojaribu nikiwa kijana, sikuwa nayo. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Uji unazidi kuwa mzito, unashika nyasi, unakuwa kama ugali uliochanganywa na uzi, na kila hatua unayoiinua inakuja na uzito wake. Mapaja yanawaka. Unaanza kufikiri kwamba ndizi ni mbaya, au nyasi ni mbaya, au utie maji kidogo tu. Ukitia maji wakati huo umekwisha: unapata maji ya ndizi yasiyo na nguvu, na uji uliobaki haukuachii tena kitu. Babu hakuongeza mwendo wala kupunguza. Alibadilisha mguu tu, kisigino, ukingo wa nje, vidole, kisigino, huku akizungumza na mwenzake habari za bei ya kahawa. Halafu sauti ikabadilika. Sijui niielezeje. Ilikuwa nzito na inayonata, ikawa nyepesi, ya kufoka. Povu likatokea pembeni mwa nyayo, jepesi, la rangi ya maziwa yaliyotiwa asali, na chini yake maji safi yakaanza kukimbilia ile ncha iliyoinama. “Yamekuja,” alisema, kama mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni na hakuwa na shaka kwamba atafika.

Maji hayo ya kwanza ndiyo watoto tuliyakimbilia. Ni matamu kiasi kwamba meno yanashtuka. Tulipewa kikombe kimoja kimoja, cha pili tukanyimwa. Yaliyobaki yalichujwa kwa nyasi safi zilizosokotwa mdomoni mwa kibuyu. Uji uliobaki ulikanyagwa mara ya pili, safari hii kwa maji, na maji hayo yakachanganywa na yale ya kwanza. Kiasi gani? Hapakuwa na kipimo. Babu alichovya kidole, akakiacha kikauke, akafungua na kufunga kidole na gumba kuona kama vinanatana. Aliongeza maji hadi vinatane kidogo tu.

Mtama mwekundu ulikaangwa kidogo na kusagwa juu ya jiwe, ukanyunyizwa. Mtama ndio unaoamsha pombe na kuipa ule uchungu wa mwisho kooni. Jirani zetu wa Uganda nao wana tonto, Wanyarwanda wana urwagwa, na zote ni dada wa rubisi kwa ndizi na mtama. Mbege ya Wachaga ni binamu wa mbali zaidi: wao huchemsha ndizi zao na kutumia ulezi. Nimekunywa mbege Moshi, nikaisifu kwa adabu.

Mtumbwi ulifunikwa kwa majani mabichi ya migomba, juu yake magome ya mgomba yaliyopasuliwa, juu yake tena majani makavu mengi hadi ukawa kama kichuguu. Usiku babu aliamka mara moja. Alikuja na kandili, akainama, akaweka sikio juu ya majani. Nilimfuata siku moja nikaweka na langu. Ndani mlikuwa na mchemko mdogo bila moto, tii, tii, tii, kama mvua ya rasharasha kwenye bati la mbali. Alitoa tabaka moja la majani, akarudi kulala. Sikuelewa wakati ule. Pombe ilikuwa inakwenda haraka kuliko alivyotaka. Usiku ulikuwa wa joto.

Kesho yake saa nane mchana iliiva. Kabla haijaenda kilabuni ilikuwa na wenyewe. Kibuyu kidogo kiliwekwa kwa ajili ya waliotangulia, kibuyu kwa aliyesaidia kukanyaga, kingine kwa jirani aliyetoa ndizi za kujazia. Babu alisema kwamba zamani za baba yake kulikuwa na kibuyu cha kupeleka kikale, kwenye makao ya Mukama, mfalme wetu, na mtu akikwepa hilo alitafutwa. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na kibuyu hicho kikabaki nyumbani. Wavuvi wazee nao walimwagia ziwa kidogo, kwa ajili ya Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, huku wakitazama pembeni kama padri yupo karibu. Mwaka 1990 Mmarekani mmoja, Robert Carlson, alichapisha makala kwenye jarida la Ethnology kuhusu rubisi ya Bukoba, kupeana, na kuwaheshimu marehemu. Niliisoma chuo kikuu nikajisikia kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani na mgeni. Alikuwa amesikiliza vizuri.

Kisha tu ndipo kilabu kilipofunguliwa. Wavuvi walipanda kutoka mwaloni wakiwa wameoga, wamevaa mashati safi, bado wananuka ziwa kwa mbali. Walileta sangara wa kubanika au dagaa wa kukaanga, wenye vibanja walileta nkonjwa za kuchoma, na mwezi wa kumi na moja kulikuwa na senene. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa kwenye kikapu kidogo, buni mbili au tatu kwa kila mtu. “Waitu, karibu,” bibi alisema kwa kila aliyeinama mlangoni, awe mwenye deni au asiye nalo, na jicho likaenda kwenye chaki.

Mtu wa kwanza kuonja hakusema ni nzuri. Alinyamaza, akamtazama babu, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Babu alikaa. Alikunywa kikombe kimoja jioni nzima.

Jioni nyingine alikuja mpiga nanga. Nanga ya Kihaya haina uhusiano na ile ya Kiswahili inayozuia meli. Hii ni ala ya nyuzi zilizonyooshwa juu ya ubao uliochongwa ukaachwa na tumbo. Ukiiweka kando ya mtumbwi wa ndizi utaona ni watoto wa tezo moja. Mpigaji aliimba hadithi za mashujaa na za wafalme usiku hadi usiku, na Profesa Mugyabuso Mulokozi, ambaye aliwasikiliza wapiga nanga wa Kagera kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1983 kwamba hao ni watunzi wa tendi kwa maana kamili ya neno. Mimi nilisikiliza kutoka nje ya dirisha. Nakumbuka kwamba wavuvi, watu wanaopigiana kelele ziwani kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, walikuwa kimya kabisa.

Sisemi kwamba kilabu kilikuwa peponi. Kulikuwa na wanaume walioacha pale fedha za daftari za watoto wao. Kulikuwa na konyagi, jina ambalo Wahaya walilipa pombe ya kutoneshwa, ile ambayo kwingine inaitwa gongo. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza kuitonesha bila leseni, lakini ilitoneshwa, na rubisi iliyochacha ndiyo iliyoingia mtungini. Babu aliichukia. Hakuichukia kwa sababu ya polisi. Aliona kwamba konyagi inamsamehe fundi mbaya. Rubisi mbovu ukiitonesha hakuna atakayejua ilikuwa mbovu. Kisha ikaja miaka ya themanini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka kumi iliyofuata mabenchi yale manne yalikuwa na nafasi ambazo hakuna aliyezikalia. Bibi alifuta mistari ya chaki ya watu ambao hawakuwa tena wa kudaiwa. Alifuta kwa kitambaa kilicholowa, mmoja mmoja.

Pigo jingine lilikuja kwa ndizi zenyewe. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa Muleba. Majani yanakuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha. Wadudu huubeba kutoka ua la mgomba mmoja hadi mwingine, na kainja ndiyo inayoumia zaidi kwa njia hiyo. Dawa ya kunyunyizia hakuna. Kilichopo ni kung’oa mgomba mgonjwa, kusafisha panga kwa moto, na kulivunja ua la dume mapema kwa mti wenye panda, bila kuligusa kwa chuma. Babu alikuwa amekwisha kuzeeka. Alikaa kwenye kiti akaelekeza kwa fimbo ua lipi livunjwe, na baba yangu mdogo akavunja. Nusu ya kainja zake ziliondoka. Embiile nyingi zilibaki.

Babu alifariki muda si mrefu baada ya hapo, na baba mdogo akarithi mtumbwi pamoja na kazi. Nyayo zake ni nyembamba. Pombe yake ni nzuri, karibu. Siku hizi anapeleka kwa madumu ya plastiki, kwa pikipiki, hadi vilabu vya barabarani, kwa sababu vijana wa mwaloni wanapenda bia ya chupa wakiwa na fedha, na wasipokuwa nazo wanataka kitu kikali zaidi. Bado anakata ndizi mwezi ukiwa nusu. Nilimuuliza kwa nini, maana wateja wake wengi sasa ni waendesha bodaboda na hawana habari na mwezi. Alifikiri kidogo. “Ndivyo mtumbwi ulivyozoea,” alisema.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Bukoba, kilabu cha bibi kilianguka ukuta mmoja na hakikujengwa tena. Banda letu pia liliinama, nguzo moja ikaanguka juu ya mtumbwi, na mtumbwi ukapata ufa kutoka ukingoni hadi chini, urefu wa mkono mzima. Baba mdogo aliuzunguka siku mbili. Siku ya tatu aliita watu sita, wakaubeba begani, wakateremka nao mwaloni kwa fundi wa mitumbwi ya uvuvi. Fundi aliupindua mchangani kati ya mitumbwi yake iliyokuwa ikingoja matengenezo, akapitisha kidole kwenye ufa, akauliza unavua wapi. Alipoambiwa ni wa ndizi hakucheka. Alisema basi rangi na lami hatatumia. Aliukalafati kwa pamba iliyosokotwa, akaupigilia taratibu kwa nyundo ya mti, akaziba kwa nta ya nyuki aliyoiyeyusha kwenye kopo.

Ulikaa pale siku tatu, mdomo chini, maji ya ziwa yakifika hatua chache tu kutoka ubavuni mwake. Kisha watu wale sita wakaupandisha tena juu. Tangu siku hiyo umekanyagiwa ndizi kila mwezi, na haujavuja.